Ridhaa ya mgonjwa na matibabu ya maambukizi ya kawaida katika farmasi ya mtaani: mwongozo kamili kwa wahudumu wa Bukavu

Mteja anayeingia farmasi ya Kadutu au ya Nyawera na kuomba vidonge sita vya Flagyl (metronidazole) na vinne vya Cipro (ciprofloxacin) bado hajaridhia matibabu yoyote, ameomba bidhaa. Kati ya ombi hilo na ridhaa kuna mazungumzo ya dakika chache, na mwongozo huu unayahusu mazungumzo hayo: nini cha kuuliza, nini cha kusema, lini kutoa dawa, lini kumpeleka mgonjwa kwingine, na namna ya kujua kwamba anayetoka mlangoni anaelewa alichokubali. Umeandikwa kwa ajili ya wafamasia na wauguzi wanaohudumu katika farmasi za Bukavu, ambako mtu wa kwanza kumsikiliza mgonjwa mara nyingi ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta, kwa sababu fishi ya hospitali, yaani karatasi ya kumwona daktari, inalipiwa na foleni haina mwisho.

Ridhaa ina masharti manne. Anayeikubali tiba awe na uwezo wa kuamua, apewe taarifa zinazotosha, azielewe, na aamue bila kusukumwa. Sahihi kwenye karatasi si sharti mojawapo, na katika farmasi ya mtaani haihitajiki kwa dawa ya kumeza. Kinachohitajika ni kwamba, akiulizwa nyumbani na dada yake, mgonjwa aweze kueleza anameza nini, kwa nini, na angeweza kuchagua nini kingine.

Kabla ya mteja wa kwanza: weka mipaka yako kwa maandishi

Viuavijasumu, yaani antibiotiki, ni dawa za karatasi ya daktari, na mwongozo huu haufuti kanuni hiyo. Sekta ya afya nchini Kongo ina sheria yake, nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, na dawa zina mamlaka yake ya usimamizi, ACOREP. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ikiwezekana kwa daktari mkuu wa eneo lako la afya, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, mkubaliane kwa maandishi: ni magonjwa yapi utayashughulikia mwenyewe kwa ushauri na dawa za kawaida, ni yapi utampigia simu daktari kabla ya kutoa chochote, na ni yapi hutayagusa.

Uingereza ina mfano unaofaa kutazamwa. Tangu tarehe 31 Januari 2024, farmasi za mitaani huko England zinatibu maradhi saba bila mgonjwa kupita kwa daktari: koo, sikio, sainasi, mkanda wa jeshi, upele wa usaha unaoambukiza, jeraha la kuumwa na mdudu lililoingia vijidudu, na maambukizi ya mkojo kwa wanawake. Orodha yao haiwezi kuwa yetu, maana haina malaria wala kuhara. Kinachofaa kunakiliwa ni ukali wa mipaka: maambukizi ya mkojo, kwa mfano, wanayatibu kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64 tu, tena yakiwa hayana utata. Mwanamume, mjamzito au mwenye homa anapelekwa mbele bila mjadala.

Hatua ya kwanza: mahali pa kuongelea

Farmasi zetu nyingi ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, na wateja wanne wanasimama wakisikiliza. Mwanamke hatasema mbele yao kwamba anatokwa na uchafu, wala kijana hatasema kwamba anaungua akikojoa. Watasema tumbo linauma, na utawapa dawa ya tumbo. Weka kiti kimoja nyuma ya rafu, na pazia la kitambaa likiwezekana, kisha sema tu: "Mama, pitia huku tuongee vizuri." Hiyo inatosha.

Uliza lugha anayoipenda. Mji huu unaongea Kiswahili, lakini mzee aliyeshuka kutoka Kabare au Walungu anaweza kuelewa maelezo ya dozi vizuri zaidi kwa Mashi. Usimtumie mtoto wake kama mkalimani kwa mambo ya mkojo, uzazi au siri za ndoa, kwa sababu mtoto atayaruka maneno anayoyaonea aibu, na mara nyingi hayo ndiyo uliyoyahitaji.

Hatua ya pili: maswali kabla ya dawa

Swali la kwanza ni dawa ni ya nani. Baba akija kununua dawa ya mke wake, ridhaa inayohitajika ni ya mke, basi omba aongee nawe kwa simu. Na ukiongea naye, usimrudishie baba yale aliyokueleza isipokuwa yeye mwenyewe amekubali. Mtoto akitumwa na pesa na karatasi yenye jina la dawa, mpigie mzazi kabla ya kufungua boksi. Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, lakini mtoto mkubwa naye anaelezwa na kusikilizwa.

Kisha uliza umri, uzito, ugonjwa ulianza lini, na ameshameza nini. Swali hili la mwisho ni la maana sana kwetu, kwa sababu wengi wanafika baada ya kujaribu vidonge vilivyobaki vya jirani. Mwulize mwanamke kama ana mimba, ananyonyesha, au siku zake zimechelewa. Uliza magonjwa ya figo, ini, moyo, kisukari, na dawa nyingine anazotumia.

Kuhusu mzio, usiishie kwenye "penisilini inanikataa". Uliza ilimfanya nini. Midomo iliyovimba, madoa ya kuwasha yaliyojitokeza ndani ya saa moja, au kushindwa kupumua ni sababu ya kutompa tena amoxicillin, ambayo ni ya jamii ya penisilini, wala ndugu zake. Kuhara au kichefuchefu si mzio, na mtu anayebeba jina la mzio bila sababu ataishia kupewa dawa kali na ghali zaidi maisha yake yote.

Zipo dalili ambazo zikionekana mazungumzo ya dawa yanakoma na yanaanza mazungumzo ya usafiri: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, mtu yeyote anayepumua kwa shida, aliyechanganyikiwa, mwenye shingo ngumu, au anayeharisha maji mfululizo hadi macho yameingia ndani. Hata hapo ridhaa haipotei: mweleze kwa nini unampeleka, wapi, na kitakachotokea asipokwenda.

Hatua ya tatu: taarifa, machaguo na bei

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Mgonjwa anapaswa kusikia mambo sita: unachodhani kinamsumbua na kiasi cha uhakika wako; dawa unayoipendekeza na faida yake; madhara yanayotokea mara nyingi na yale machache ya hatari; njia nyingine zilizopo; kinachoweza kutokea asipotumia dawa yoyote; na bei ya dozi nzima.

Ni hatari gani itajwe na ipi iachwe? Huwezi kusoma karatasi yote ya ndani ya boksi. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mwaka 2015 ya Montgomery, mama ambaye hakuelezwa hatari ya kujifungua, iliweka kipimo ambacho nakiona kinafaa hata kwenye kaunta ya Bagira: taja hatari ambayo mtu wa kawaida aliye katika hali ya mgonjwa huyu angeipa uzito, au ambayo unajua mgonjwa huyu mwenyewe angeijali. Ciprofloxacin inaweza kudhuru kano hadi zikachanika. Kwa mbeba mizigo anayepanda ngazi za Kadutu na gunia mgongoni, hilo si jambo dogo la pembeni. Metronidazole haichanganywi na pombe. Mtu anayejiandaa kwa harusi ya Jumamosi anataka kulijua leo.

Mfano wa maneno, kwa mwanamke mwenye maumivu ya kukojoa, asiye na homa wala mimba, ambaye daktari amekubali apewe nitrofurantoin:

"Mama, nikueleze ninachodhani, kisha wewe uniambie kama unakubali. Dalili zako zinafanana na maambukizi ya kibofu. Dawa hii inamezwa siku 5, pamoja na chakula. Mkojo unaweza kugeuka rangi ya kahawia, usiogope. Unaweza kusikia kichefuchefu. Ukiona upele, macho ya njano, au pumzi inakuwa fupi, acha dawa na urudi siku hiyohiyo. Ukipenda, unaweza kwanza kupima mkojo kituoni. Kuna wanaopona kwa maji na dawa ya maumivu tu, lakini huchukua muda zaidi, na maambukizi yanaweza kupanda kwenye figo. Dozi nzima bei yake ni hii. Ungependa tufanyeje?"

Jibu analolijua kila mhudumu wa Bukavu ni hili: "Nipe ya siku mbili kwanza, nitarudi kesho kutwa." Usichukue mkasi wa kukatia ukanda wa vidonge bado. Nusu dozi aliyokubali kwa sababu ya pesa, bila kuelezwa matokeo yake, hajairidhia kikweli. Mwambie wazi kwamba siku mbili zinaweza kutuliza maumivu na kuacha vijidudu hai. Tafuta dawa nyingine inayofaa ya bei nafuu na umwulize daktari, mpe dozi nzima alipe kwa awamu kama mnajuana, au mwelekeze kituo ambako dawa hiyo ni rahisi. Kama hakuna kinachowezekana na anasisitiza, ni afadhali aondoke na ushauri na dawa ya maumivu kuliko na kipande cha kiuavijasumu.

Kuhusu mkasi wenyewe: tarehe ya mwisho wa matumizi na nambari ya toleo mara nyingi huchapwa mwisho mmoja tu wa ukanda wa vidonge. Ukikata upande huo na kuuuza, kinachobaki rafuni hakina umri tena. Ukilazimika kukata, kata upande usio na maandishi, na aliyepata kipande umwandikie jina la dawa, nguvu yake na tarehe kwenye bahasha.

Hatua ya nne: hakikisha ameelewa, kisha andika

Usiulize "umeelewa?" kwa sababu jibu la heshima ni ndiyo. Sema: "Ukifika nyumbani, utamweleza vipi mume wako namna ya kuimeza?" Akikosea, eleza upya kwa maneno mengine. Kwa asiyesoma, chora jua na mwezi kwenye boksi, na vidonge kando yake.

Akikataa, heshimu. Mweleze dalili za kurudi nazo, na usimnunie. Aliyekataa leo bila kuaibishwa atarudi kesho hali ikibadilika. Na kinyume chake pia: mgonjwa hawezi kukulazimisha utoe dawa isiyomfaa. Ridhaa yake ni ruhusa kwa tiba inayostahili, haigeuzi dawa mbaya kuwa nzuri.

Daftari liwe na tarehe, umri na uzito, malalamiko, ulichotoa au ulichokataa kutoa, hatari ulizozitaja, jibu la mgonjwa, na mahali ulipomwelekeza. Tumia nambari badala ya jina kwenye ukurasa unaoonekana kutoka dirishani.

Maambukizi yenyewe

Shirika la Afya Duniani, tangu 2017, limezigawa antibiotiki katika makundi matatu kwa mpango unaoitwa AWaRe: zile za kutumika kwanza, zile za kuangaliwa kwa uangalifu, na zile za akiba. Amoxicillin, doxycycline, metronidazole, cotrimoxazole na nitrofurantoin ni za kwanza. Ciprofloxacin, azithromycin na ceftriaxone ni za kuangaliwa, na bado ndizo zinazoombwa kwa majina kwenye kaunta zetu. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa ziliweka lengo kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la kwanza ifikapo 2030.

Homa. Usitoe dawa ya malaria bila kipimo cha haraka. Hiyo imekuwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani tangu 2010. Kipimo chenyewe nacho kinahitaji ridhaa: mweleze kwamba utamchoma kidole na kwa nini. Kikiwa chanya na hana dalili za hatari, artemether na lumefantrine (kidonge cha miligramu 20/120) kwa mtu wa kilo 35 na zaidi ni vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kumbuka kwamba vipimo vingi vinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo uliza alitibiwa lini mara ya mwisho. Kikiwa hasi, malaria si jibu, hata mteja akisisitiza.

Hapo ndipo inapoingia "tifoide". Wateja wengi wanafika na karatasi ya maabara yenye matokeo ya Widal, kipimo cha damu cha tifoide, na wameshakubali moyoni kwamba wanaumwa tifoide. Widal moja haitoshi kuthibitisha ugonjwa huo: inaweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani au maambukizi mengine kabisa. Kumwambia mtu hivyo baada ya kulipia kipimo ni kazi ngumu, lakini bila taarifa hiyo ridhaa yake kwa Cipro ya wiki nzima imejengwa juu ya hewa. Sema: "Karatasi hii haijathibitisha. Homa yako imezidi siku ngapi?" na umrudishe kwa daktari, hasa kama homa imepita siku tatu.

Kuhara. Kuhara maji kwa kawaida hakuhitaji antibiotiki wala Flagyl. Mtoto anahitaji SRO (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi sita, huku akiendelea kunyonya. Pakiti moja ya kawaida ya SRO inaingia katika lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na yanatumika ndani ya saa 24. Chupa ya maji ya dukani ya lita moja na nusu, ikijazwa yote, inaifanya SRO kuwa hafifu. Onyesha mstari wa lita moja kwa kalamu. Kuhara kunakofanana na maji ya mchele ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na katika mji wa ziwani wenye mabomba yanayokauka hilo si la kushangaza: mpeleke kituo cha matibabu ya kipindupindu akiwa anakunywa SRO njiani. Damu kwenye kinyesi ni ya daktari.

Koo na mafua. Mara nyingi ni virusi. Kikohozi, pua inayotiririka na sauti iliyokauka vinaelekea huko. Paracetamol, maji ya uvuguvugu yenye chumvi na siku kadhaa vinatosha. Homa, usaha kwenye findo na matezi yenye maumivu shingoni, bila kikohozi, vinaelekea kwenye bakteria; hapo daktari akikubali, amoxicillin. Mahali ambapo homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo bado ipo, dozi ni siku 10, na mzazi aelezwe kwamba siku za mwisho ni za kulinda moyo, la sivyo ataziacha mtoto akianza kucheza.

Kikohozi cha mtoto. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 na zaidi chini ya miezi miwili, 50 na zaidi kutoka miezi 2 hadi 11, na 40 na zaidi kutoka mwaka 1 hadi 5 ni pumzi za haraka: anakwenda kituoni leo. Kifua kinachobonyea ndani pia.

Mkojo. Yaliyosemwa juu yanatosha. Ongeza tu kwamba maumivu ya kiuno pamoja na homa ni ya hospitali, na nitrofurantoin haipewi mjamzito anayekaribia kujifungua, mwenye figo mbovu, wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaopatikana kwetu na unaoweza kufanya damu ivunjike.

Ngozi. Vidonda vichache vya upele wa usaha kwa mtoto vinaoshwa kwa maji na sabuni na kupakwa dawa ya ngozi. Lakini tangu aina mpya ya mpox (ndui ya nyani) ilipogunduliwa Kamituga, mkoani mwetu, mwaka 2023, kila malengelenge yenye homa na matezi yaliyovimba, hasa sehemu za siri, yanapelekwa kituoni kabla ya kupakwa chochote.

Magonjwa ya siri. Yanahitaji vipimo na matibabu ya wenzi, hivyo mwelekeze kituoni. Aliyebakwa apelekwe Panzi au hospitali nyingine yenye huduma hiyo mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72; usimdai maelezo, na usimwandike kwenye daftari la kaunta.

Hatua ya mwisho: baada ya kutoka mlangoni

Mpe siku ya kurudi au kupiga simu. Kwa antibiotiki, saa 48 hadi 72 ndiyo muda wa kuona nafuu. Asipopata nafuu, usiongeze dawa ya pili juu ya ya kwanza, mrudishe kwa daktari na karatasi ya ulichompa. Akija na upele, hasa wenye malengelenge au vidonda mdomoni baada ya cotrimoxazole, sitisha dawa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na toa taarifa ya madhara hayo kwa eneo la afya. Vidonge vilivyobaki akivirudisha, vipokee uviweke kando kwa ajili ya kuteketezwa pamoja na vilivyoisha muda, wala visirudi rafuni.